Kishindo na Miguu ya Baba

Mdogo wangu tulimwita Kishindo tangu hajaanza kutembea. Alikuwa mtoto wa kuangusha vitu. Kijiko, mfuniko, kopo la maziwa, sufuria yenye maji na sufuria isiyo na maji. Akishaangusha anatega sikio, kisha anacheka peke yake. Mama alidhani ni utundu wa kawaida, mpaka alipogundua kwamba mtoto harudii kuangusha kitu ambacho sauti yake ameshaijua. Akasimama ameshika kiuno, akamwambia shangazi, "Huyu hachezi. Huyu yuko kazini." Jina likamganda. Shuleni aliandikishwa jina lake la haki, lakini hata mwalimu mkuu alikuwa akijisahau na kumwita Kishindo mbele ya wageni.

Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha mabati, kwenye mashine ya kukatia. Kelele za ile mashine zilimla masikio kidogo kidogo. Mwanzoni alilalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona mno. Baadaye ikawa lazima umguse bega kabla ya kusema naye. Kishindo alipoanza shule, baba alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa nyuma ya kisogo chake. Kusema aliendelea kusema vizuri, kwa sauti kubwa kuliko haja, na alijifunza kusoma midomo yetu. Shida ni kwamba midomo inaweza kukwambia mvua inanyesha, ila haiwezi kukwambia inanyeshaje.

Kishindo aliliona hilo kabla yetu sote. Jioni tukiwa sebuleni, sisi wengine tunageuza shingo ghafla kuelekea dirishani, na baba anauliza, "Nini hiyo?" Mimi namwambia, "Lori." Mama anasema, "Lori tu." Kishindo haridhiki. Anakwenda kukaa sakafuni kando ya kiti, anavuta mkono wa baba na kuanza kumgongea. Manyunyu yalikuwa ncha za vidole viwili au vitatu, bila mpango. Mvua kubwa ilikuwa vidole vyote kumi. Lori lilikuwa kiganja kizima kinachosukumwa taratibu kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Jirani akigombana na mumewe, ilikuwa kucha upande mmoja wa mkono, tap-tap-tap-tap, na upande wa pili kimya kirefu, kwa sababu yule mume hakuwa na desturi ya kujibu. Baba alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi.

"Amemaliza?" anauliza.

Kishindo anainua kidole: bado. Kisha zile kucha zinaanza upya.

Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Angeweza kukaa miezi yuko mzima, anabishana na kila mtu, halafu asubuhi moja viungo vinamkamata na anashindwa hata kushika kikombe. Siku hizo alilala chumba cha mbele, dirisha wazi. Watoto wengine waliujua mtaa wetu kwa miguu. Yeye aliujua kwa masikio, akiwa amejilaza. Alimjua muuza mkaa kwa baiskeli yake, na daktari wa meno wa ghorofa ya jirani kwa namna alivyofunga gari mara mbili, kana kwamba haliamini.

Alipokuwa mtu mzima, kazi ya redio aliipata kwa njia ya ajabu. Alikwenda kituo cha redio kuomba kuigiza. Mwongozaji wa michezo, mama mmoja ambaye miwani yake ilining'inia kifuani muda wote, alimsikiliza, akamwambia ukweli bila kumzungusha: "Mwanangu, sauti yako ni nyembamba. Haitafika." Kishindo akashukuru, akatoka. Kwenye korido akatembea kama mwanamke mwenye viatu virefu, kisha kama mtoto anayeburuta begi, kisha kama askari aliyechelewa zamu. Hakuwa anajionyesha. Ndivyo alivyopita kila mahali penye sakafu nzuri. Yule mama akachungulia mlangoni aone ni akina nani wamejaa koridoni, akamkuta yuko peke yake.

"Wenzako wako wapi?" akamuuliza.

"Wenzangu gani, mama?"

Wiki iliyofuata akaanza kazi.

Kazi hiyo ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya redio, na ilifanya maisha ya mama yawe magumu. Mchele ulikuwa mvua, ukimwagwa taratibu kwenye sinia. Karatasi ya nailoni ikikunjwakunjwa karibu na maikrofoni ilikuwa moto unaoshika. Glavu za kuoshea vyombo zilikuwa njiwa akiruka. Karoti ilikuwa mfupa unaovunjika. Mama akiingia jikoni na kukuta karoti hazipo, anauliza kwa uchovu, "Nani kavunjika leo?" Kishindo anajibu, "Yule dereva, mama. Mkono tu, atapona." Na mama, aliyeingia na hasira, anajikuta anauliza, "Mkono upi?"

Mimi nina saluni, na kila Alhamisi mchana mchezo ulipokuwa hewani, kazi kwangu ilikuwa inasimama. Ulikuwa mchezo wa nyumba moja ya wapangaji, ghorofa tatu, kila mlango na mambo yake. Wateja wangu walizima draya wenyewe wasikie. Siku mpangaji mmoja alipopigwa kofi, mteja aliyekuwa amekaa kitini kwangu alishika shavu lake. Sikumwambia kwamba kofi lile ni tambara bichi, na paja lililopigwa ni la mdogo wangu, na kwamba usiku uliopita alikuwa amenionyesha alama akijisifu.

Katika nyumba ile ya redio alikuwapo mzee mmoja wa ghorofa ya chini, mkali, asiyependa paka wala wageni. Kila mtu alimwita Mzee wa Chini. Aliyemwigiza alikuwa mwigizaji wa siku nyingi, mwenye sauti nzito ya kupendeza, lakini kilichomfanya mzee yule awe mtu hasa kilikuwa mwendo wake. Ulijua anakuja kabla hajasema neno. Mguu wa kulia ulikanyaga kama unaopiga muhuri, wa kushoto ukafuata polepole, kama unaoomba radhi kwa ajili ya mwenzake. Mara ya kwanza nilipousikia nilikuwa nasuka. Nikaacha nywele mkononi, nikatazama mlangoni. Nilidhani baba ameingia.

Jioni nikamuuliza Kishindo, "Ile miguu ya nani?"

Akatabasamu. "Umeijua?"

"Nimeisikia maisha yangu yote, nitaachaje kuijua? Mama je?"

"Mama aliijua siku ya kwanza. Alisema nimekosea kidogo goti."

Alikuwa amechukua buti za kazini za baba, zile za zamani zilizokaa nyuma ya mlango, akazijaza matambara mbele zimtoshe. Baba mwenyewe hakujua. Tulitaka kumwambia, lakini utamwelezaje mtu asiyesikia kwamba watu wa mikoa yote wanazijua hatua zake? Tukawa tunaahirisha. Kishindo alisema atamwonyesha kwa namna yake, anatafuta tu namna.

Hakuwahi kuipata. Mwaka ule, baada ya mvua kwisha, kifua kilimbana. Tulikuwa tumezoea kumpeleka hospitali na kurudi naye, kwa hiyo mama alifunga kibegi kidogo, nguo za kubadilisha na redio. Wodi ilikuwa ghorofa ya juu. Baba hakuamini lifti. Alisema kitu kinachokufungia ndani na huwezi kusikia kikikwama si cha kupanda. Alipanda ngazi kila siku na kila siku alifika akiwa anahema.

Mchana wa mwisho nilikuwapo. Kishindo alikuwa na bomba la hewa puani, hasemi sana. Baba alikaa kando ya kitanda, ameweka mkono juu ya shuka. Nikaona vidole vya mdogo wangu vinasogea, vinaugusa mkono ule. Kiganja kilisukumwa taratibu, kisha kidole kimoja kikaruka, kiganja tena, kidole tena. Baba akafumba macho, akacheka kidogo kwa pua. Mimi na mama tukatazamana.

Alifariki asubuhi iliyofuata, kimya, mama akiwa amemshika mguu. Hakuwa amefika thelathini.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilimuuliza baba alichoambiwa siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno makubwa.

"Kulikuwa na kigari cha chai kinapita," baba akasema. "Gurudumu moja bovu."

Kisha akaongeza, "Hakutaka kinipite."

Wiki chache baadaye Mwongozaji alikuja nyumbani, pamoja na fundi mitambo wao, kijana mrefu aliyekuwa akikaa na Kishindo siku nzima, mmoja upande huu wa kioo na mwingine upande ule. Walikuwa wamekuja msibani pia, kwa hiyo nikajua kwamba safari hii wana la kusema. Walikunywa chai, wakamsifu marehemu, wakazunguka weee, mpaka mama akawasaidia. "Semeni tu. Mmetoka mbali."

Ilikuwa hivi. Mchezo wa wapangaji ulikuwa unafikia mwisho. Sehemu zote zilikuwa tayari isipokuwa ile ya mwisho kabisa. Humo Mzee wa Chini, ambaye hajawahi kupanda ngazi za nyumba ile tangu mchezo uanze, anapanda hadi juu kumwomba msamaha binti mmoja mpangaji. Mwandishi alikuwa ameandika mstari mmoja tu: *Mzee anapanda ngazi. Hakuna maneno.* Kishindo ndiye aliyemwomba iwe hivyo.

"Sauti zake za zamani tunazo," fundi mitambo akasema, "lakini zote ni za sakafuni. Za ngazi hakuna. Nimejaribu mimi, amejaribu mwigizaji mwenyewe. Haiwi." Akatazama vidole vyake. "Tulifikiri labda mngetuazima zile buti."

"Buti utachukua," mama akasema. "Miguu utaipata wapi?"

Wote wakakazia macho vikombe vyao. Na kwa kuwa wote walikuwa wamejizuia sana wasimtazame, baba akaona.

"Kuna nini?" akauliza kwa sauti yake kubwa. "Mbona hamnitazami?"

Basi nikapiga magoti mbele yake, aione midomo yangu vizuri, nikamweleza. Kwamba katika redio kuna mzee. Kwamba mzee huyo anatembea. Kwamba anatembea kama yeye, kwa buti zake yeye, na Kishindo ndiye aliyekuwa ndani ya buti. Kwamba wateja wangu wakisikia hatua zile wanasema, "Haya, Mzee wa Chini kaja." Ilinibidi kurudia mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshaelewa, alitaka tu kuniona nikisema tena.

"Mimi natembeaje?" akauliza mwisho.

Mama akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatembea toka mlangoni hadi kwenye kabati kwa mwendo wa baba: muhuri, radhi, muhuri, radhi. Alifika kabatini, akakohoa kidogo kama baba anavyokohoa akifika mahali. Fundi mitambo aliangua kicheko, akaziba mdomo. Baba alimtazama mkewe kwa muda.

"Si kweli," akasema. "Mimi natembea vizuri."

Siku ya kurekodi nilifunga saluni, nikaenda naye. Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimefunikwa magodoro. Sakafuni kulikuwa na visanduku: kimoja cha mchanga, kimoja cha kokoto, kimoja cha mbao. Mlango wa friji bila friji ulikuwa umeegemezwa ukutani. Baba alizunguka akigusa kila kitu. Alitia mkono kwenye kokoto, akazibinya, akazirudisha. Juu ya rafu aliona glavu za mama za kuoshea vyombo, zile alizozitafuta mwaka mzima. Akanitazama. Nikampungia mikono yote miwili kama mbawa. Akatikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyeingia chumba cha mwanawe kwa mara ya kwanza. Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Walikuwa na ngazi ya mbao, fupi, ya kupanda huku na kushukia kule. Unazunguka na kupanda tena mpaka uambiwe basi. Maikrofoni zilikuwa chini, karibu na miguu. Baba akavaa buti zake. Alitoa kwanza yale matambara ya mbele, akayakunja moja moja, akayatia mfukoni.

Mara ya kwanza haikufaa. Alipanda akikanyaga kwa nguvu, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha. Hata mimi niliyesimama pembeni niliona aibu. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi, maana sasa alijitahidi kuchechemea. Mwongozaji akatoka nyuma ya kioo, akavaa miwani yake, akasimama mbele ya baba.

"Mzee, kuna kitu unataka kuniuliza?" akamwambia polepole.

Baba akafikiri. "Huyu mtu anakwenda kufanya nini huko juu?"

"Kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwa binti mmoja. Alimfukuzia paka wake, paka akapotea."

"Na binti yumo ndani?"

"Mzee hajui. Anapanda tu."

"Hajui kama atamkuta," baba akasema.

"Hajui."

Baba akavua kofia, akanipa niishike. Akarudi chini ya ngazi, akasimama pale kwa muda mpaka nikadhani amesahau. Kisha akaanza kupanda. Safari hii hakuwa anatembea kwa ajili ya mtu yeyote. Mguu wa kulia, wa kushoto. Mkono ukashika mbao ya pembeni, nao ukawa na sauti yake, ngozi kavu ikiteleza juu ya mti. Akashuka, akazunguka, akapanda tena. Mahali ambapo ingekuwa ghorofa ya pili alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alihema, akameza mate, akaangalia juu ambako hapakuwa na kitu isipokuwa taa. Nilitaka kwenda kumshika. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa ameinua mikono kutoka kwenye vitufe vyake vyote, kana kwamba hata kuvigusa kungeharibu. Kisha baba akaendelea. Alipofika mwisho akakohoa kidogo.

Mwongozaji hakusema "imetosha". Alikuja tu, akamshika mkono.

Tulirudi kwa miguu, maana baba alitaka kutembea. Njiani nikamgusa bega.

"Baba, pale ulipopumzika, ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikuwa nafikiria. Nilikuwa napanda ngazi za hospitali," akasema. "Pale ghorofa ya pili kuna dirisha. Kila siku nilikuwa nasimama hapo niupange uso, asinione nimechoka."

Sehemu ya mwisho ilipotoka hewani, tulikuwa nyumbani, sisi watatu na shangazi. Baba hakutazama redio, alimtazama mama. Alikaa mkabala naye, kiti kwa kiti, kama mtu anayesoma saa. Ngazi zilipoanza, mama aliinua kidole kimoja, na baba akajua ni zamu yake. Niliziona hatua zikipita usoni kwa mama, moja baada ya nyingine. Kisha kukawa kimya, ile pumzi, na mama akaziba macho kwa upindo wa khanga. Zikaendelea. Kikohozi. Mlango ukagongwa, na binti akafungua.

"Nilikuwa vizuri?" baba akauliza.

Mama akajifuta. "Ulikawia kidogo ghorofa ya pili."

"Nilikuwa nimechoka," baba akasema.

"Najua."

Mwishoni mtangazaji alisoma majina ya walioshiriki, na kati yao akasoma jina la mdogo wangu, lile la haki, majina yote matatu. Shangazi alituuliza, "Huyo ni nani?" Alikuwa hajalisikia miaka mingi. Tulicheka sana, na tulipomweleza baba kwa nini tunacheka, akacheka kuliko sisi.

Mwongozaji alirudi mara moja, kumwomba baba aendelee na mchezo mpya. Baba alimpa chai, akamkatalia kwa upole. "Yule mzee alikuwa wa kwake," akasema. "Wengine watafute miguu yao."

Kazi ya Kishindo sasa anaifanya yule fundi mitambo. Hakuisomea, na mwanzoni hakuiweza. Juzi alikuja saluni na mashine yake ya kurekodia, jasho linamtoka, akaniambia katika mchezo mpya kuna kinyozi, naye anatafuta sauti ya mkasi unaokata nywele za mtu anayelia. Wateja wangu wakashusha magazeti.

"Dada," akaninong'oneza, "Kishindo angefanyaje hapa?"

Nikafikiri, kwa sababu aliuliza kwa moyo. Nikaona kwamba kwa kweli sijui.

"Sijui," nikamwambia. "Shika mkasi, jaribu."

Akakunja mikono ya shati. Nikapunguza feni, nikawaomba kina mama wanyamaze, na yeye akaanza kukata hewa, vibaya kwanza, kisha si vibaya sana.